Gari ya Chama Ilivyopata Dawa Yake

Wanachama wengi wametuuliza kwa nini gari ya Chama ilikuwa ikisimama njiani msimu uliopita. Ni haki yao kujua, kwani gari ni mali yao, na karafuu zilizolala njiani ni jasho lao.

Gari yetu hutumia dizeli. Ilikuwa ikitoka Konde na magunia, ikienda vizuri kiasi cha nusu saa, kisha nguvu hupungua na injini huzimika. Dereva akingoja dakika 10 akatia stati, huwaka kama kwamba haikuwa na lolote. Fundi akiitazama gereji haoni ubaya. Siku moja ilisimama mvua ikinyesha, na magunia 4 yakarowa. Karafuu kavu ikirowa huingia kuvu, na bei yake hushuka.

Tukabadilisha chujio la mafuta. Siku mbili tukafurahi, ya tatu ikazimika tena. Tukaambiwa pampu imekufa, ipelekwe Dar es Salaam. Na fedha iliyotakiwa ilikaribia akiba yetu yote ya majamvi na magunia. Kwa bahati tulimwita kwanza mzee mmoja aliyekuwa fundi wa matrekta. Hakushika spana. Alimwambia dereva, "Mwanangu, kila inapozimika andika: umekwenda muda gani, na una mzigo gani."

Baada ya juma moja daftari likasema: mlima si kitu, mzigo si kitu, ila huzimika baada ya nusu saa ya mwendo bila ya kupumzika. Na zile siku mbili za furaha zilikuwa za safari fupi tu.

Mzee akapanda gari. Ilipozimika, akafungua kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia, fuuu! Akapiga pampu ya mkono mara chache, injini ikawaka palepale.

Kifuniko cha asili kilipotea, nasi tukatia kingine kisicho na tundu la kupumulia. Mafuta yakipungua tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu huvuta hata ikashindwa. Gari ikikaa kidogo, hewa hupenya polepole, na injini hupata mafuta tena.

Basi mwenye gari ya dizeli inayozimika na kuwaka aanze na vya bure: kifuniko, kisha maji na taka ndani ya tangi, kisha viungo vya paipu vinavyonyonya hewa, kisha chujio. Pampu iwe ya mwisho. Wala asilegeze paipu za nozeli injini ikiwa inakwenda, kwani mafuta yake hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Kosa la kifuniko lilikuwa letu sisi wa halmashauri, na wenye magunia 4 tumewalipa. Kifuniko kinachofaa kimeshatiwa. Daftari la dereva linaendelea, na mwanachama yeyote akitaka kulisoma, karibu ofisini.