Risiti Iandikwe Jina la Aliyeko Kakuma

Friza ya shemeji yangu ilifanya kazi siku kumi na tisa. Tulichanga pesa huku ughaibuni, nikazituma moja kwa moja kwa muuzaji mmoja wa mji wa Lodwar, kaunti ya Turkana, friza ikapakiwa kwenye lori hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma ili shemeji auze barafu na soda baridi. Siku ya ishirini ilinguruma tu, haikugandisha hata kikombe cha maji. Muuzaji alipopigiwa simu alisema umeme wa jenereta ndio ulioiharibu, na kwamba risiti inaonyesha wazi mali ikishauzwa hairudi. Risiti yenyewe ni kikaratasi chenye maneno “friza 1”, bei, na hiyo sentensi ya “hairudi” chini yake. Jina la mnunuzi halipo, namba ya mashine haipo.

Malalamiko ya namna hii yamezidi katika jumuiya yetu, na mengi yanakwama pale pale.

Hayo maneno ya “hairudi” yasiwatishe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji adhamini ubora unaostahili wa bidhaa, na dhamana hiyo haifutwi kwa sentensi iliyopigwa chapa chini ya risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa bora na ya kufidiwa akipata hasara. Kinasema mtumiaji, hakisemi raia. Mkimbizi wa Kakuma au wa makazi ya Kalobeyei yumo.

Tunaponaswa ni kwenye jina. Sisi tunalipa tukiwa ng'ambo, pesa zinaingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi badala ya namba ya malipo ya duka, kisha mzigo unapokewa na ndugu ambaye hajatajwa popote. Mambo yakiharibika, ndugu anaambiwa hakununua yeye, na mimi niliyelipa siko Turkana. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, mwambie muuzaji aandike jina la atakayepokea kama mnunuzi, jina la duka, na namba iliyobandikwa nyuma ya mashine. Akupigie picha ya risiti hiyo. Akikataa, tafuta duka lingine, Lodwar ina maduka.

Suala la jenereta nalo lina dawa yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotakia kitu, naye akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, kitu sharti kifae kazi ile. Mimi sikutaja Kakuma wala jenereta. Ningetuma ujumbe wa maandishi, “Nataka friza itakayotumia umeme wa jenereta Kakuma, ipi inafaa?”, jibu lake leo lingekuwa ushahidi.

Na tafadhali, msikimbilie kwa fundi wa mtaani. Shemeji alifanya hivyo kwa nia njema, na muuzaji akapata neno la tatu: mashine imefunguliwa. Ikiharibika, ipigwe picha, na siku hiyo hiyo muuzaji aandikiwe kwamba mnaikataa. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema, sheria inakuhesabu umekipokea.

Polisi watakwambia hiyo ni kesi ya madai. Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko ya watumiaji bila malipo, lakini makao yake ni Nairobi. Mkimbizi anayetaka kwenda Lodwar, safari ya kilomita kama 120, anahitaji kwanza kibali cha kusafiri. Inaniudhi sana kwamba mtu aombe ruhusa ya serikali ili akadai haki aliyopewa na Katiba ya serikali hiyo hiyo, huku muuzaji akijua hesabu hiyo na kuitegemea.

Hata hivyo njia ipo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Asiyeweza kufika anaweza kuwakilishwa na mtu aliyemwidhinisha. Kakuma ina mahakama yake, Lodwar pia. Anzieni kwenye masjala ya mahakama, muulize dai lenu lifunguliwe wapi. Mkiambiwa “rudi kesho”, ombeni jina la aliyesema na mwandike tarehe.

Jambo moja zaidi, kwa wanaonunua chakula kwa mkopo kambini. Kuna wanaomwachia mwenye duka kadi ya benki au laini ya simu inayoingiza msaada, pamoja na namba ya siri. Anayeshika kadi yako ndiye anayepanga bei, na huwezi kwenda kwa jirani yake anayeuza unga kwa bei nafuu. Waambieni mama zetu wazichukue kadi zao, deni liandikwe kwenye madaftari mawili, moja libaki nyumbani.

Nikirudi kwenye friza, mimi nimetia sahihi barua ya kumwidhinisha shemeji juma lililopita. Ameshaiambatanisha na kile kikaratasi cha “friza 1”, ujumbe wa malipo na picha za mashine, na sasa anasubiri kibali.