Fahamu: Deni la programu lililoikwamisha Southwest

Kazi ya kurekebisha programu inayoahirishwa ili kuokoa fedha za leo huitwa deni la kiufundi. Si kila deni ni baya: programu ya ripoti za mwezi inaweza kungoja. Ile inayopanga marubani haipaswi kungoja hata kidogo.

Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliipiga Marekani. Mashirika mengine ya ndege yalijikwamua mapema, lakini shirika la Southwest lilishindwa. Mfumo wake wa kupanga wafanyakazi ulizidiwa, marubani na wahudumu wakasubiri kwenye simu saa nyingi ili tu waseme wako mji gani. Chama cha marubani kilikuwa kimeonya kwa miaka kwamba mfumo huo unahitaji kurekebishwa.

Safari zaidi ya 16,000 zilifutwa. Hasara ilipita dola bilioni 1, kisha mwaka 2023 serikali ikatoza adhabu ya dola milioni 140.