Gunzi Kubwa Halitoshi Kuwa Mbegu

Mvua ya Machi ikikaribia, swali hunifuata kutoka Kitale hadi soko la Chwele: "Afisa, nikichagua magunzi makubwa ya mahindi chotara ya H614, yale ya katikati ya shamba, si nitapanda tena?" Hapana. Nimeshajibu hivyo mara nyingi mno, na bado nakuta watu wamefunga mbegu hizo darini juu ya moshi.

Babu yako alifanya hivyo akavuna, ni kweli. Mahindi yake hayakuwa chotara.

Vunja muhindi mchanga uumenye taratibu. Kila uzi wa ndevu umeshika punje moja, na kila uzi ulinasa chavua yake wenyewe. Punje mia kadhaa, mama mmoja, baba wengi: huyu wa mstari wa pili, yule wa shamba la jirani. Ulichochagua wewe ni mama tu, tena pengine alinenepa kwa kusimama pale mbolea ilipomwagika.

Tatizo kubwa liko ndani zaidi. Chukua mfano wa chotara H611 ya mwaka 1964: ilizaliwa kwa kukutanisha Kitale Synthetic II ya hapa kwetu na Ecuador 573 kutoka Amerika Kusini. Nguvu ya chotara hutoka katika kukutana huko kwa koo zilizotengana. Ukipanda mavuno yake, ndugu anazaa na ndugu, na karibu nusu ya nguvu ile ya ziada inapotea. Ingia shamba kama hilo mwezi Julai: mmea mmoja umekupita mbali kichwa, wa pembeni unakufika kifuani, huu umekausha ndevu, ule ndio kwanza unatoa mbelewele. Anayevuna magunia 20 kwa ekari akipoteza moja katika kila 5, ametupa magunia 4 ili aokoe pakiti 5 za kilo mbili. Hesabu hiyo inaniuma kwa sababu ni chakula cha watoto.

Sasa chagua mbegu ya kununua. Endebess, Cherangany na Kapsokwony kwenye baridi: H614 au H6213, uwe tayari kungoja miezi sita au zaidi. Bumula na Kanduyi: H520, DK8031 au WH505, zisizokawia shambani. Kwangua stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, iliyo kwenye pakiti, tuma namba kwa 1393 kabla hujatoka dukani. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, punje moja kila shimo, kilo 10 kwa ekari. Pima udongo, ukiwa na asidi, weka chokaa. Palilia mapema, mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini.

Huna pesa ya chotara? Basi panda mbegu ya uchavushaji huria kama KSTP 94, inayostahimili gugu la striga. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi: weka alama kwenye mimea mingi yenye afya ingali imesimama, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani.