Kumtumia Mwanafunzi wa Ng'ambo Kompyuta Iliyotumika

Padre au mtawa anayetumwa masomoni Roma huondoka na mzigo wa kilo za kuhesabu. Baadaye ujumbe hufika Rulenge: ile kompyuta mpakato iliyobaki parokiani, naombeni mnitumie. Kabla ya kuchangishana nauli ya mzigo, tuelewe mambo manne.

Kwanza, betri. Kompyuta hizi hutumia betri za lithiamu, ambazo zikiharibika huweza kuwaka moto mgumu kuzimika. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo iliyoruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu iliwaka moto na kuanguka. Marubani wake wawili walifariki. Ndiyo maana posta na wasafirishaji huuliza habari za betri kabla ya kupokea kifurushi. Betri iliyovimba isisafirishwe kabisa.

Abiria huruhusiwa kubeba kompyuta yenye betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali. Hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. Volti 11.1 mara ampea-saa 4.4 ni wati-saa 48.84, hivyo inapita. Betri ya akiba hukaa kwenye begi la mkononi tu. Basi njia nyepesi ni kumpa msafiri, lakini kompyuta iwashwe mbele yake na aifunge mwenyewe. Tukimkabidhi boksi lililokwisha fungwa, akiulizwa uwanjani ni nani aliyefunga mzigo, atabaki kati ya kudanganya na kushukiwa.

Pili, forodha. Katika Umoja wa Ulaya, zawadi ya mtu binafsi kwa mtu binafsi husamehewa kodi ikiwa thamani yake haizidi yuro 45. Upo pia msamaha kwa vifaa binafsi vya masomo vya mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja huo. Mwombeni kwanza barua ya chuo, na aulize forodha ya huko utaratibu wake. Kishawishi ni kushusha thamani kwenye fomu. Kuandika kwamba kompyuta ya shilingi laki sita ni ya elfu hamsini ni uongo, hata kama mpokeaji ni padre. Tena ikipotea, ile elfu hamsini ndiyo itakayowarudia kama kipimo cha fidia.

Tatu, yaliyomo ndani. Kompyuta ya parokiani huweza kuwa na majina ya waliobatizwa na mafaili ya ndoa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko ahakikishe vitabu vya parokia haviangukii mikononi mwa watu wasiohusika, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafaili ya parokia yabaki parokiani, yafutwe kwenye mashine, na nywila iwekwe.

Nne, tuulize anachohitaji hasa. Kama ni maandishi ya tasnifu, mafaili hutumwa kwa intaneti siku hiyohiyo. Kama ni mashine, tulinganishe gharama ya kuisafirisha na bei ya iliyotumika hukohuko. Busara, alivyofundisha Mtakatifu Thoma wa Akwino, ni kuchagua njia inayofaa kufikia lengo jema. Lengo letu ni ndugu yetu asome. Kompyuta ni njia tu.