Saruji si dawa ya kila ukuta: niliyoyaona kanisani Cheptais

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Rabai. Juzi shemeji yangu aliniita kwao Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma. Kanisa lao la zamani, la miti na udongo, lilikuwa limeanza kuinama. Vijana walitaka libomolewe, wazee wakataka lipigwe plasta ya saruji. Pesa za harambee zilitosha jambo moja tu.

Ukuta wa upande wa mvua ulikuwa umeshapigwa saruji miaka ya nyuma. Nilipougonga, ukalia kama debe tupu. Ukuta wa udongo hunyonya maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka. Hufura na kusinyaa kidogo. Saruji ni ngumu, haiufuati. Hupasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na kukosa pa kutokea. Udongo ulio nyuma ukawa tope, nguzo zikaoza.

Sisi wa Pwani tunaujua ugonjwa huu. Kikanisa cha Wareno pale Malindi, cha karne ya 16, kimejengwa kwa matumbawe, na misikiti yetu mingi ya kale ni ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Ukiifunika kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na plasta ikibanduka huondoka na vipande vya jiwe. Ndiyo maana mafundi wanaojua majengo ya kale hurudi kwenye chokaa, japo huchukua muda mrefu kukauka.

Kwa hiyo niliwashauri hivi. Saruji yote ibanduliwe. Paa liegemezwe kwa magogo, kisha nguzo zilizooza zibadilishwe moja moja, si zote kwa mpigo. Chini ya ukuta uwekwe msingi wa mawe, upenu urefushwe, mtaro uchimbwe wa kupeleka maji mbali. Mwisho ukuta ukandikwe kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Hapo nikawa mwanafunzi, maana kina mama wa Cheptais wanajua kukandika kunishinda.

Kijana mmoja akauliza kwa nini tuhangaike na udongo. Mama mmoja mzee akamjibu kwamba mapigano ya 2006 hadi 2008 yaliwatawanya, na waliporudi nyumba zao hazikuwepo, ila kanisa walilikuta. Hakuna aliyetaja kubomoa tena siku ile.

Nanyi ndugu zangu, kabla hamjanunua saruji ya kurekebisha msikiti, kanisa au nyumba ya mababu, ugongeni ukuta kwanza mjue umejengwa kwa nini. Na kama jengo limetangazwa turathi, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inalilinda: waulizeni Makumbusho kabla ya kushika mwiko.