JINSI NYIMBO ZIPENDWAZO ZINAVYOPEWA DARAJA

Vijana wa Makorora, hapa kwetu Tanga, hubishana mara nyingi juu ya wimbo ulioshika namba ya kwanza juma hili, na kila mmoja hutaja orodha aliyoisikia redioni au aliyoiona katika simu yake. Leo twataka kueleza jinsi orodha hizo zifanywavyo, maana mtu ajuaye namna ya kuhesabu hadanganywi upesi na hesabu.

Kwanza tufahamu ya kuwa orodha haipimi uzuri wa wimbo. Uzuri hauna kibaba wala mizani. Orodha huhesabu matendo ya watu tu, yaani kununua wimbo, kuupiga au kuusikiliza. Basi yatupasa kuuliza mambo matatu: Ni tendo gani lililohesabiwa? Lilihesabiwa wapi? Na ni nani aliyelihesabu?

Tuchukue mfano wa nyimbo mbili, tuziite Alifu na Be. Tuseme Alifu imenunuliwa na watu 40, na kila mmoja ameisikiliza mara moja tu. Be imenunuliwa na watu 10, lakini kila mmoja ameipiga mara 20. Tukihesabu ununuzi, Alifu ni ya kwanza, 40 kwa 10. Tukihesabu usikilizaji, Be ni ya kwanza, 200 kwa 40. Watu ni wale wale, na nyimbo ni zile zile. Kilichobadilika ni kipimo.

Huko Marekani gazeti la Billboard lilianza mwaka 1940 kuchapa kila juma orodha ya santuri zilizouzwa kuliko nyingine. Huko Uingereza gazeti la New Musical Express lilitoa orodha yake ya kwanza tarehe 14 Novemba 1952. Bwana Percy Dickins aliyapigia simu maduka yapata 20, akauliza santuri zipi zimeuzwa sana, kisha akajumlisha majibu. Hivyo maduka machache yakasema kwa niaba ya nchi nzima. Mwaka 1991 Billboard ilianza kutumia hesabu za mashine zilizosoma alama ya kila bidhaa ilipolipiwa dukani. Na mwaka 2014 Waingereza wakaanza kuhesabu usikilizaji wa intaneti, ambapo mara 100 za kusikiliza zilikuwa sawa na nakala moja iliyonunuliwa. Baadaye kiwango hicho kikabadilishwa.

Lakini penye kibaba hapakosi mtu wa kukitia kitako cha uongo. Maduka yaliyohesabiwa yakijulikana, wapo waliotuma watu wakanunue huko huko. Tena huko Marekani, mwaka 1959 na 1960, Baraza la Kongresi lilichunguza habari za watangazaji wa redio waliopokea rushwa ili wapige nyimbo fulani.

Sasa tuitazame pwani yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay kuimba katika santuri, na hata kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri za Kiswahili zaidi ya 70,000. Hesabu hiyo ni kubwa, walakini ni ya wanunuzi tu. Santuri moja ikipigwa barazani, husikiwa na mtaa mzima, na masikio yale hayakuandikwa daftarini.

Kadhalika hapa Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, alikoimba Bibi Shakila, vilipata sifa pwani yote. Mapenzi ya watu yalionekana arusini, kwa fedha walizotunzwa waimbaji, na kwa nyimbo kuimbwa jikoni na njiani. Khalafu zikaja kanda, ambazo watu walinakiliana nyumba kwa nyumba. Kila nakala ilikuwa ushahidi wa mapenzi, lakini haikuhesabiwa, wala mwimbaji hakupata senti.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, yampa mtungaji haki katika kazi yake, hata ipigwapo mbele ya watu. Lakini fedha haziwezi kugawanywa kwa haki pasipo kuandikwa ni wimbo upi uliopigwa, na mara ngapi. Wimbo usioandikwa hukosa fungu lake, ijapokuwa wapendwa mji mzima. Kwa hiyo hesabu ya nyimbo si mabishano ya vijana tu, bali ni chakula cha mtungaji na watoto wake.

Basi, ndugu zetu, msikiapo kwamba wimbo fulani ni wa kwanza, ulizeni yale maswali matatu. Huenda wimbo usiomo kabisa katika orodha ndio wa kwanza katika arusi za Makorora. Na mwimbaji wake, mkiupenda, mtunzeni kwa mikono yenu.