Je, Wajua? Filamu ya anga iliyoteleza ardhini

Je, wajua kwamba 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968 inayosifiwa kwa kufuata sayansi, iliteleza zaidi ardhini kuliko angani? Mwanaanga anapojirusha bila kofia kuingia chomboni, hakisikiki kitu mpaka hewa ifunguliwe, maana pasipo hewa sauti haisafiri. Ukimya huo ndio unaotisha. Hapo ukweli umeuongezea mchezo utamu. Lakini mwanzoni, katika kile kinachodaiwa kuwa Afrika ya kale, viumbe nusu nyani nusu watu wanaishi na tapiri, mnyama wa Amerika na Asia, na mmoja wao anageuza mfupa kuwa rungu la kuulia.

Lakini Olduvai, eneo la mabaki ya kale katika wilaya ya Ngorongoro, Tanzania, inasimulia mengine kuhusu Afrika hiyo ya kale: mawe yaliyochongwa makali, ya takribani miaka milioni 1.8. Mtu atasema sayansi ya chimbuko la binadamu ilikuwa bado changa filamu ilipotengenezwa. Si kweli sana, kwani mwanaakiolojia Mary Leakey alipata huko Olduvai fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959, na Homo habilis, binadamu wa kale aliyehusishwa na mawe hayo, alitangazwa 1964. Alama za kukatia nyama kwenye mifupa ndizo zilizochunguzwa baadaye. Wengine watatetea ule mfupa unaorushwa juu na kufuatiwa na chombo cha anga. Sawa, picha hiyo haina mfano, ingawa jiwe nalo hurushwa. Tapiri ndio hawana wa kuwatetea.